HAKI YA PAKA MGONJWA WA SUKARI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Swali la Ijumaa hii limetoka katika nyumba moja ya hapa kwetu Lubumbashi. Bibi wa nyumba hiyo ana ugonjwa wa sukari na hudungwa insulini kila siku. Sasa paka wa nyumba, ambaye ni mzee, naye amepatikana na ugonjwa huo huo. Vijana wanauliza mambo matatu. Je, yafaa kutoa fedha kwa dawa ya paka wakati wapo watu wanaokosa dawa? Je, yafaa kumdunga paka kutoka katika chupa ya bibi? Na tukimwacha hivyo hivyo mpaka afe, tuna dhambi?

Wako waliocheka waliposikia swali hili. Ndugu zangu, lisichekwe. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia ndani. Hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachia atoke akajitafutie wadudu wa ardhini. Mtume (S.A.W.) hakutuambia kama mwanamke yule alikuwa maskini au tajiri. Ametuambia kwamba paka alikuwa mikononi mwake, na njia zote mbili alimfungia: njia ya kulishwa na njia ya kuachiwa.

Tuzitazame vizuri njia hizo mbili, maana jibu letu limo humo. Paka mzima ukishindwa kumlisha, unaweza kumfungulia mlango, naye atawinda panya na kuishi. Lakini paka mwenye sukari amenyongea. Anakunywa maji mno na kukojoa mno, anakula sana na bado anakonda. Wengine miguu ya nyuma hulegea hata wakatembea kwa kukanyaga kisigino. Ukimtoa huyu nje ya parseli ukasema umemwachia huru, hukumwachia, umemtupa. Kwake njia ya pili imekwisha kufungwa na ugonjwa. Imebaki ile ya kwanza tu, nayo iko mikononi mwako.

Hapo utaona kwa nini wanazuoni wetu hawakuishia kwenye mnyama mwenye faida. Imamu Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra (1262), alizihesabu haki za mnyama juu ya mwenye naye. Miongoni mwake aliweka kwamba atahudumiwa hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena kwa mwenyewe. Katika zama hizo hizo Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliweka wakfu bustani karibu na msikiti wake huko Kairo ili mapato yake yalishe paka. Watu wale walikuwa na vita, njaa na mayatima kama sisi, na hawakuona kuwa kumlisha paka ni mchezo wa wenye nafasi.

Wala hatuhitaji kukitegemea kile kisa kinachosimuliwa sana, kwamba Mtume (S.A.W.) alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Yaliyothibiti yanatosha. Abu Qatada (R.A.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu.

Sasa tutazame ugonjwa wenyewe. Sukari ya paka, mara nyingi, inafanana na ile inayowapata watu wazima: mwili unaacha kuitikia insulini vizuri, na kongosho linachoka. Huwapata zaidi paka wazee, walionenepa, wasiotembea, na madume waliohasiwa. Paka kwa maumbile yake ni mla nyama. Sisi tunampa bukari asubuhi na bukari jioni, au vile vyakula vikavu vya dukani vilivyojaa wanga, tena tunamfungia ndani asiwinde. Basi mara nyingi ugonjwa huu umeandaliwa na mikono yetu, hata kama tulifanya kwa mapenzi. Aliyemlisha mwenzake mpaka akaugua hawezi kusema kuwa ugonjwa huo haumhusu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Hiyo insulini anayodungwa bibi ilipatikana kwa njia ya wanyama. Mwaka 1921 huko Toronto, nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa kongosho wakawa wagonjwa wa sukari, kisha wakawadunga maji ya kongosho mpaka wakajua kinachoteremsha sukari. Mbwa wengi walikufa katika kazi hiyo. Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Kuanzia hapo, miaka 60 mizima, insulini ya wanadamu ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe wa machinjioni, hata mwaka 1982 ilipoanza kuuzwa ile inayotengenezwa kwa vijidudu. Anayesema insulini ni ya watu na mnyama haimhusu, ajue kwamba mnyama ndiye aliyetangulia kuilipia kwa uhai wake.

Baada ya haya, tujibu maswali.

Kwanza, chupa ya bibi. Hapana, isiguswe. Kijana atasema: paka huanza kwa yuniti 1 tu hivi, mara 2 kwa siku, na chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000, kwani itapungua nini? Tupige hesabu. Mgonjwa anayetumia yuniti 40 kwa siku, chupa hiyo inamtosha siku 25. Paka akifika yuniti 4 kwa siku, chupa inakwisha kabla ya siku 23 kutimia. Umemnyang'anya bibi siku mbili na zaidi za dawa yake, naye hakuulizwa. Tena sindano iliyomchoma paka ikirudi chupani itaichafua dawa ya binadamu. Na si kila insulini inayomfaa bibi inamfaa paka. Haki ya mnyama hailipwi kwa dhuluma ya mtu. Paka awe na chupa yake na mabomba yake, na aina ya dawa aichague daktari wa wanyama. Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa wanyama. Waulizwe wenye ujuzi, hii si kazi ya kubahatisha.

Wengine wataogopa dawa ya nguruwe. Ni kweli kwamba ipo insulini ya wanyama inayotokana na nguruwe. Lakini ipo pia glajini, ambayo hutengenezwa kwa bakteria na hutumiwa sana kwa paka. Mwambie daktari mapema, na shaka itaondoka.

Pili, namna ya kutunza nyumbani. Hapa ndipo amana inapoonekana, maana kununua dawa ni siku moja na kuitoa ni kila siku. Insulini ya paka kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 12. Katika nchi yetu mchana na usiku havipitani sana, basi jua linapochomoza na jua linapotua ni nyakati zinazokaribia kabisa. Ale kwanza, kisha adungwe chini ya ngozi. Akikataa chakula au akitapika, usimdunge kipimo kizima kwa mazoea, muulize daktari kwanza. Kila sindano iandikwe katika daftari: saa, yuniti, amekula au hakula, na nani aliyedunga. Katika nyumba yenye watu wengi mmoja hudunga, na mwingine asiyejua hudunga tena. Mkiwa na shaka kama amekwisha kudungwa, acheni mpaka wakati unaofuata. Sindano moja iliyokosekana haina hatari kama sindano mbili kwa mara moja.

Sukari hupimwa kwa tone la damu la pembeni mwa sikio. Kupima nyumbani ni bora, kwa sababu paka akipelekwa kwa daktari huogopa, na hofu peke yake humpandisha sukari. Paka mzima huwa na miligramu 80 hadi 120 hivi kwa desilita. Chini ya 60 ni hatari. Mjue pia kwamba mashine ya kupimia watu mara nyingi husoma chini kidogo ya kiwango halisi cha damu ya paka, basi msibadilishe dawa kwa namba moja tu. Tena kuna insulini ya yuniti 40 kwa mililita na kuna ya yuniti 100, na kila moja ina bomba lake. Dawa ya 100 ikivutwa kwa bomba la 40, mnyama atapata mara 2 na nusu ya kipimo chake, na hiyo inaua.

Hatari kubwa ni sukari kushuka. Paka atayumba, atalegea, au atatetemeka na kuanguka. Hapo mpakeni asali kwenye ufizi, msimmiminie kooni asije akapaliwa, kisha mkimbizeni kwa daktari.

Tunajua pia tabu ya umeme wetu. Chupa isiyofunguliwa inahitaji baridi ya digrii 2 hadi 8, bila kuganda. Kwa chupa iliyofunguliwa kuna nafuu. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliofuata joto la nyumba za kambi ya Dadaab, Kenya. Ukaonyesha kwamba insulini waliyoipima, ikikaa kati ya digrii 25 na 37 kwa wiki 4, haikupoteza nguvu. Bibi naye anufaike na habari hii: mahali penye kivuli, kando ya mtungi wa maji, pasipo jua.

Tatu, fedha. Nafaka ya mtu na wale walio chini yake, na dawa ya bibi, vinatangulia. Katika hili hakuna shaka. Lakini anayesema watu kwanza tumwulize kwa upole: zile franka ulizomnyima paka, zilimfikia mgonjwa gani? Kama zilimfikia jirani anayekosa dawa, Mwenyezi Mungu akulipe. Kama zilikwenda katika simu na soda, basi maskini umemtaja tu, hukumpa kitu, na paka naye umemnyima.

Na asiye na uwezo kabisa? Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi isipokuwa kwa kiasi cha uweza wake. Hata hivyo, bado lipo analoliweza. Amwondolee bukari na vyakula vikavu vya wanga, ampe vichwa vya samaki, ndakala iliyochemshwa bila chumvi, matumbo ya kuku, na maji yasikatike. Chakula peke yake huenda kisimponye, ila hupunguza mzigo. Wako paka waliotibiwa mapema kwa insulini na chakula cha nyama, mpaka sindano ikaachwa. Na kwa aliyekwisha kuanza sindano: usibadili chakula ghafla bila daktari, maana mahitaji ya dawa hupungua na sukari inaweza kuanguka. Mateso yakizidi na dawa haipo, hilo lina hukumu yake na wanazuoni wamekhitilafiana. Mtu asiamue peke yake kwa hasira au kwa kuchoka. Aulize mwenye elimu ya dini na daktari pamoja.

Sasa lile swali la dhambi. Hadithi ya yule mwanamke haikusema aliadhibiwa kwa kukosa uwezo. Aliadhibiwa kwa kumfunga kiumbe kisha akamsahau. Mwenye kujitahidi kwa alichonacho, paka wake akafa, amekufa kwa ajali yake, na kila tone la maji alilompa lina ujira. Mwenye uwezo akapuuza, na ajiandae na jibu. Ngamia wa mtu wa Madina alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwa njaa na kazi nyingi, na mwenyewe akaulizwa papo hapo. Paka wako hatakupeleka kwa diwani wala polisi. Atakaa kando ya ndoo ya maji anakutazama, na anayemsemea unamjua.

Tunawaomba vijana wa nyumba hiyo, na kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari, wajifunze kupima na kuandika, waanze kwa bibi na wasimsahau paka.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, utupe moyo wa huruma kwa kila ulichotukabidhi, na usitufanye miongoni mwa wanaofunga njia zote mbili. Amin.

Wabillahi tawfiq, Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.