Nyota na Ahadi ya Ndoa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa mbingu na vilivyomo ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baadu.

Ndugu Muislamu, tuulizane leo neno moja: mtu akitoa ahadi ya ndoa, kisha akasema nyota zimekataa, je, ahadi imefutika?

Tuanze mbali, huko Uhindi, kwa sababu elimu ya nyota za ndoa imepangwa sana huko. Kwa Wahindu wengi, kabla posa haijakubaliwa, wazazi humpelekea mnajimu tarehe, saa na mahali alipozaliwa kijana, na za binti vilevile. Mnajimu hutazama mwezi ulikuwa katika kituo gani kati ya vituo 27 (Waarabu walihesabu 28), halafu hupima mambo manane na kuyapa alama. Jumla ni 36. Zikipungua 18, husemwa ndoa isifungwe. Jambo lenye alama nyingi zaidi, yaani 8, huitwa nadi. Vituo vyote vimegawanywa mafungu matatu, na wachumba wakiwa fungu moja hupata sifuri. Huambiwa kizazi chao kitakuwa na taabu.

Tena kuna Mirihi, ile nyota nyekundu, ambayo wao huiita Mangal. Mbingu wameigawa nyumba 12. Mtu akizaliwa wakati Mirihi iko katika nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12 (wengine huongeza ya 2), huitwa manglik, na husemwa atamletea mwenzake ugomvi, hata kifo. Dawa yake ni kuozwa kwa manglik mwenziwe, au kufungishwa ndoa kwanza na mti au chungu, ili balaa liangukie huko. Hesabu mwenyewe, ndugu: nyumba 5 au 6 katika 12 ni karibu nusu ya wanadamu! Na ingawa kanuni ni ya waume na wake, mzigo humlemea zaidi binti.

Sasa sikia lililotokea mwaka 2023. Mwanaume mmoja wa Uhindi alishtakiwa kwamba alimwahidi mwanamke ndoa, akalala naye, kisha akakataa kumuoa. Upande wake ukajitetea: huyu mwanamke ni manglik. Jaji wa Mahakama Kuu ya Allahabad akaamuru idara ya unajimu ya Chuo Kikuu cha Lucknow ichunguze nyota za yule mama. Mwezi wa Juni mwaka uleule, Mahakama ya Juu ya nchi iliisimamisha amri hiyo.

Tazama vizuri nini kilitaka kuchunguzwa. Si maneno ya mwanaume, wala tendo lake. Ni saa aliyozaliwa mwanamke, jambo ambalo hakulichagua na hawezi kulitubia. Ndipo ubaya wa mambo haya ulipo. Ikiwa Mirihi ndiyo inayovunja nyumba, basi mume anayepiga hana kosa, na aliyedanganya hana kosa. Mwenye kosa ni aliyezaliwa.

Lakini usiwacheke Wahindi. Hata kwetu wapo wanaochukua jina la kijana na la mama yake, wakageuza herufi kuwa hesabu za abjadi, wakagawa kwa 12 wapate burji. Hufanya vile kwa binti, halafu husema: huyu moto, yule maji, hawakai pamoja. Na kwa kuwa kitabu chao ni cha Kiarabu, wazazi hudhani ni dini. Hata bei ya vitunguu huandikwa kwa Kiarabu.

Waarabu wa zamani waliona mwezi wa Shawwal una mkosi wa ndoa. Bibi Aisha (r.a.) alieleza kwamba yeye aliolewa na Mtume (s.a.w.) katika Shawwal na akaingia nyumbani kwake katika Shawwal, akauliza ni mke gani aliyependwa zaidi yake. Na mwaka 632, jua lilipatwa siku ile aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba. Baba mwenye huzuni angeweza kunyamaza tu. Lakini aliwafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Mtu atasema: Imamu, mbona wewe mwenyewe unawatuma vijana labo wakapime damu kabla ya ndoa? Ndiyo, na nitazidi kuwatuma. Ugonjwa wa SS unatesa watoto wetu. Wachumba wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Lakini damu ya mtoto inatoka kwa baba na mama, na labo ya pili ikirudia kazi vizuri itapata jibu lilelile. Mwezi hukaa katika kituo kimoja kama siku moja hivi. Watoto waliozaliwa saa ile, wa Uhindi na wa Kindu, wote nadi yao ni moja. Je, damu yao ni moja? Tena karatasi ya labo huwaonya wawili pamoja; haimwiti binti mkosi.

Kwa hiyo baba mwenye binti, uliza yanayoulizika. Kijana anaswali? Anafanya kazi gani? Akikasirika anafanya nini? Ana mke mwingine aliyemficha? Majirani zake wanajua zaidi kuliko Mirihi. Kisha swali istikhara.

Na kama mahari imekwisha kupokelewa, na sasa mwalimu wa nyota amekataza, msivunje kimya kimya na kumwachia binti aibu. Leteni neno hili msikitini baada ya swala, pande zote mbili pamoja na wazee, na anayetaka kuvunja aseme sababu yake mbele ya binti mwenyewe.