Ulezi wa Mzazi Mgonjwa ni wa Nani?

Katika somo la sarufi huwa tunawafundisha wanafunzi kwamba pungua huzaa punguza, na ugua huzaa uguza. Kisha twaongeza upesi kwamba kitenzi hiki cha pili kimeiasi kauli yake, kwa kuwa anayemuuguza mtu hamtii ugonjwa bali humtunza mpaka apone. Mwanafunzi wangu mmoja hapa Kampala aliwahi kuniuliza iwapo haiwezekani kwamba lugha ilikuwa na sababu yake. Nilimjibu kama walimu tujibuvyo tunapobanwa, kwamba swali hilo tutalirudia. Makala haya ndiyo marudio hayo, ingawa yanahusu maadili zaidi ya sarufi. Yanamhusu binti wa kaka yangu, ambaye nyumbani twamwita Nalongo, jina la heshima apewalo katika Buganda mwanamke aliyezaa mapacha.

Nalongo alikuwa na umri wa miaka 25, na mimba ya miezi sita, alipoanza kusimama mara tatu njiani akipanda kilima cha Rubaga kwenda kwake. Sisi wakubwa tulicheka, tukasema watoto wawili si mzigo mdogo. Alipofikia kulala ameketi, ameegemea mito, ndipo alipopigwa picha ya moyo, ikaonekana kwamba vali moja, yaani kilango kipitishacho damu upande wa kushoto, imekakamaa na tundu lake limekuwa dogo. Daktari alitueleza asili ya jambo hilo. Ni maumivu ya koo ya utotoni, yaletwayo na bakteria na kuachwa bila dawa, yakafuatwa na homa ya baridi yabisi. Mwili unapopigana na bakteria hao huzishambulia pia vali za moyo wake wenyewe, na kovu hubaki kimya kwa miaka mingi. Mimba nayo huongeza damu ya mama kwa karibu nusu, na mimba ya mapacha zaidi ya hapo; kilango kilichotosha zamani kikawa hakitoshi tena. Hata hivyo alijifungua salama mwezi wa Machi 2021, wavulana wawili, Wasswa na Kato kama desturi inavyotaka.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba mji huu si mgeni wa maradhi ya moyo. Mwaka 1948 J.N.P. Davies, aliyekuwa mtaalamu wa maradhi hapa Kampala, alieleza ugonjwa ambao kwao utando wa ndani wa moyo hugeuka kovu, ugonjwa uliowapata hasa watoto na vijana. Na tangu 1988 tunayo Taasisi ya Moyo ya Uganda katika kilima cha Mulago. Nayataja haya kwa sababu moja. Katika nchi tajiri mgonjwa wa moyo aghalabu ni mzee, na watoto wake wazima ndio wanaomuuguza. Kwetu maradhi ya vali humkuta mtu angali kijana, ana watoto mgongoni. Kwa hiyo swali la nani amuuguze haliji peke yake. Huja limeshikana mkono na swali la nani alee.

Usiku mmoja wa Januari 2022 Nalongo alizidiwa, akalazwa. Mumewe, dereva wa malori yaendayo Mombasa, alikuwa safarini. Katika hospitali zetu jamaa ndio wanaomwogesha mgonjwa, kumpikia, kumfuatia dawa na kulala mkekani kando ya kitanda chake. Basi ukoo ukagawana kazi. Mimi nilikaa hospitali, na mapacha, wenye umri wa miezi kumi, wakapelekwa Masaka kwa bibi yao. Amri hiyo niliitoa mimi, kwa cheo changu cha shangazi, ambaye Waganda humwita ssenga, na ambaye neno lake kwa binti wa kaka yake si rahisi kupingwa. Juma lile amri ilikuwa sawa, na hata leo siitubii. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kuhema hawezi kuwabeba watoto wawili.

Mwezi wa Juni alifanyiwa upasuaji, akawekewa vali ya bandia. Daktari alimkataza kuinua kitu kizito kwa majuma kadhaa, mpaka mfupa wa kifua uungane. Majuma hayo sisi tuliyageuza miezi. Kila alipowataja watoto tulimjibu, pumzika kwanza. Kato alipoanza kutembea hatukumwambia, eti tuliogopa furaha isimsumbue moyo, jambo ambalo hakuna daktari aliyetuambia. Mama mkwe wake alimpikia, dada yake alimfulia, mimi nilimwekea dawa mkononi na kusimama hapo mpaka ameze. Hapakuwa na mgonjwa aliyetunzwa kuliko yeye katika mtaa mzima, na majirani walitusifu.

Watoto walirudi Machi 2023, baada ya miezi kumi na minne. Wasswa alijificha nyuma ya gomesi la bibi yake. Kato alimsalimu mama yake kwa adabu kamili, kama alivyofundishwa kuwasalimu wageni. Nalongo aliitikia salamu ile, akawapa chai, akawatandikia. Usiku, walipokwisha kulala, aliniambia, "Shangazi, hakuna aliyeniuliza." Hakusema zaidi ya hilo. Nami nikalikumbuka swali la yule mwanafunzi. Ugonjwa ulimpata Nalongo kwa njia yake. Lakini hali ya kuwa mgonjwa na si kitu kingine chochote, hiyo tulimtia sisi.

Kaka yangu hakubaliani nami. Yeye husema kwamba uhai hutangulia kila kitu, na kwamba mama aliyekufa hakumbatii mtu. Hoja hii ina nguvu, nami siipuuzi kama wafanyavyo baadhi ya wenye huruma ya haraka. Ikiwa usiku ule angebaki na watoto tungemzika. Lakini naona hoja yake inafaa kwa usiku ule, nayo imetumiwa kwa mwaka mzima na zaidi. Hatari ilipokwisha kupita, haki ya kumwamulia nayo ilipaswa kupita. Sisi tuliendelea kuishikilia kwa kuwa ilikuwa tamu mikononi mwetu. Kuna raha katika kumhurumia mtu asiyeweza kukataa. Nakiri kwamba niliionja raha hiyo.

Je, ingetupasa kufanya nini? Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na jibu nililopata halina fahari. Katika kazi za ulezi ziko ambazo mtu yeyote aweza kuzifanya bila kumpunguzia mzazi kitu: kubeba dumu la maji la lita 20, kufua, kuwabeba watoto kilimani, kulipa nauli. Hizo ndizo za kumtua. Ziko nyingine ambazo akizifanya mwingine, mzazi hupungua: kumlaza mtoto, kumkanya, kuamua avae nini, kujua neno alilolitamka leo. Nyingi kati ya hizi, ajabu yake, hazihitaji pumzi. Mama aliyelala aweza kumsikiliza mtoto aliyekaa kando ya mto wake. Sisi tulichukua mafungu yote mawili pamoja, pengine kwa sababu kumwondoa mtoto ni rahisi kuliko kuhamisha nyumba.

Nyumba tuliihamisha baadaye, na hapo ndipo msaada wetu ulipoanza kwa kweli. Kampala ni mji wa vilima, na kwa moyo dhaifu kilima ni mzigo usiotuliwa. Nalongo sasa anakaa bondeni, karibu na kituo cha teksi, katika chumba ambacho choo chake hakiko mbali, maana dawa za kupunguza maji mwilini humwamsha usiku. Jirani huteka maji. Chumvi katika mchuzi huitia mwenyewe, kidogo, na watoto hula mchuzi huohuo wakilalamika.

Kila siku anameza dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Kila baada ya majuma manne hudungwa sindano ya penisilini ili homa ile isirudi. Wako wanaoidharau sindano hii kwa kuwa ni ya zamani na bei yake si kubwa. Utafiti uliofanywa Gulu kwa watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huu, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha tofauti kubwa: baada ya miaka miwili, katika kundi lililodungwa ugonjwa ulizidi kwa watoto 3, na katika kundi lisilodungwa kwa watoto 33, ilhali makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Walimu wenzangu, mtoto anayelalamikia koo darasani msimwambie anywe maji akae.

Zamani tarehe za sindano nilizishika mimi katika shajara yangu. Siku hizi kalenda imetundikwa chini, usawa wa macho ya mtoto, na mapacha huchora msalaba kila jioni kwa penseli. Hugombana juu ya zamu, na mama yao huwaamua akiwa amekaa kitini. Juma lililopita walikosea wakachora siku mbili kwa mara moja, akawafanya wafute. Niliinuka kuwasaidia; akanitazama, nikakaa.

Nimemweleza kaka yangu kwamba naandika haya, naye amesema kwamba nitakuwa nimewafundisha watu kuwaacha wagonjwa wao wafe kwa ajili ya kuwaheshimu. Nimeahidi kumpelekea nakala ya jarida. Msomaji aliye upande wake na aandike. Jibu nitampelekea Nalongo alisome mwenyewe.