Je, Angani Hupigwa Hodi?

Miongoni mwa adabu ambazo lugha ya Kiswahili imezihifadhi katika neno moja tu, hodi ni mojawapo. Anayefika mlangoni kwa mwenziwe husimama, hupaza sauti, husubiri. Akiitikiwa, huingia, akinyamaziwa mara ya tatu, hurudi alikotoka wala hana haki ya kununa. Neno hili si amri ya serikali, wala hakuna mahakama imhukumuyo aliyeliacha. Lakini sote twajua ya kuwa aingiaye bila hodi ni mmoja wa wawili: ama ni mwizi, ama ni mleta habari ya hatari. Warundi nao, ambao tangu kale huzungushia makazi yao ua, wanaijua adabu hiyo hiyo: mgeni husimama langoni, hata kama ua wenyewe ni wa matete anayoweza kuyapenya kwa bega.

Tumetanguliza neno hodi kwa sababu kimeenea duniani, na kimekwisha fika katika miji yetu, chombo ambacho hakijui lango. Nacho ni ile ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mapangaboi manne au zaidi, iitwayo droni. Vijana wanaipenda, na wengine wao ni wanafunzi wetu. Wanaiunganisha, wanaijaribu, wanajifunza kuirusha. Sisi tulio walimu wa lugha hapa Bujumbura hatukuitwa kuwafundisha mota na betri. Hata hivyo, chombo hiki kimezua swali ambalo si la mafundi peke yao: Je, mtu anapotenda jambo mahali asipokuwepo, wajibu wake hubaki pale zilipo nyayo zake, au husafiri pamoja na chombo chake?

Kwanza na tukitazame chombo chenyewe, kwani anayetoa hukumu juu ya kitu asichokijua hujihukumu mwenyewe. Wazo la kuinuka kwa rafadha nne si geni. Mwaka 1907, huko Douai, Ufaransa, ndugu wawili, Louis na Jacques Breguet, wakisaidiwa na profesa Charles Richet, waliunda mtambo wa namna hiyo. Uliinuka kiasi cha sentimita 60 ukiwa na mtu ndani yake, lakini ilibidi watu wanne wasimame kwenye pembe zake wakiushikilia usipinduke. Nguvu ya kupaa ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuuongoza na kuuweka sawa.

Katika droni ya leo, wale watu wanne wamegeuka kuwa vihisio vidogo kuliko ukucha. Vihisio hivyo hupima mwinamo na mzunguko wa chombo mamia ya mara kwa kila sekunde, na kompyuta ndogo iliyomo huongeza au hupunguza kasi ya kila mota. Mapangaboi mawili huzunguka kwa upande wa mishale ya saa na mawili kinyume chake, ili chombo kisijizungushe chenyewe. Kikitakiwa kwenda mbele, mota za nyuma huongeza kasi, nacho huinama na kusonga. Kikitakiwa kugeuka, jozi moja huongezewa kasi na ya pili hupunguziwa. Kijana hayafanyi haya. Yeye husukuma kijiti kwa kidole gumba tu, na chombo humfanyia mengine yote.

Hapo ndipo wengine husema: basi hakuna tena la kujifunza, kwani mashine imekwisha jifunza kwa niaba yetu. Sisi twaona kinyume chake. Mashine imechukua kazi ya mizani, nayo ni kazi ya hesabu. Haikuchukua, wala haiwezi kuchukua, kazi ya kuamua kama inafaa kuruka, wapi, lini, na juu ya nani. Kadiri mkono unavyopunguziwa kazi, ndivyo moyo unavyozidishiwa.

Tuangalie matayarisho ya mwanafunzi wa kwanza. Huambiwa ajaribu mota zake mezani kabla ya kufunga mapangaboi, kwani pangaboi linalozunguka hukata vidole. Huambiwa asijaze betri ya lithiamu kupita volti 4.2 kwa kila seli, asiiache ikichajiwa pasipo mtu wa kuiangalia, na kama imevimba asiitumie tena, kwani yaweza kuwaka moto na kuunguza nyumba. Huambiwa arekebishe dira mbali na magari na vyuma. Huambiwa awashe kidhibiti cha mkononi kwanza ndipo awashe chombo, na wakati wa kuzima azime chombo kwanza, ili mota zisipate nguvu hata kidogo pasipo mwenye kuziamuru. Tena huambiwa apange kimo ambacho droni itapanda ili irudi yenyewe endapo mawasiliano yatakatika. Akipanga kimo kifupi kuliko miembe na nguzo za umeme zilizo jirani, itarudi kwa kuzigonga.

Je, haya ni mambo ya ufundi tu, yasiyohusu maadili? Ukiyachunguza utaona ya kuwa kila hatua ina mtu ndani yake. Katika kuondoa mapangaboi mna vidole vya mdogo wake aliyekuja kutazama. Katika betri mna wote waliolala nyumba ile. Katika kimo cha kurudia mna mpita njia asiye na habari. Fundi wa magari wa Buyenzi huweka jiwe nyuma ya gurudumu kabla ya kuingia chini ya gari, naye hufanya hivyo kwa ajili ya nafsi yake. Mwenye droni huweka jiwe lake kwa ajili ya watu asiowajua. Ndiyo maana tunasema kwamba subira ya matayarisho ni hatua ya kwanza ya uadilifu, na ndiyo maana mwenye haraka huianza safari kwa dhuluma hata kabla chombo hakijapaa.

Halafu huja kuruka kwenyewe, na hapa mna fundisho ambalo hatukulikuta kwa uwazi kama huu katika vitabu vingi. Mwanafunzi huanza kwa kukielekeza chombo mkia wake kwake, yaani kikitazama kule anakotazama yeye. Kushoto kwake ni kushoto kwa chombo. Mambo ni mepesi, naye hujiona bingwa. Kisha hukigeuza kikamwelekea kwa pua. Mara kila kitu kimepinduka: akisukuma kijiti kushoto, chombo chaenda kulia kwake. Mikono aliyoiamini yamsaliti, na wengi huangusha chombo saa hiyo hiyo. Hakuna dawa ya jambo hili ila moja: aache kuhesabu kushoto na kulia kuanzia kifuani pake, ajitie ndani ya chombo, aone kama kwamba ameketi humo. Zoezi hili huchukua siku nyingi, na wenye hekima hulianza kwa programu ya kuigiza urushaji katika kompyuta, ambamo kuanguka hakuumizi mtu.

Kwa hiyo urushaji wamlazimisha kijana kukubali ya kuwa mahali anaposimama yeye si kitovu cha dunia, na kwamba kushoto kwake kwaweza kuwa kulia kwa mwingine. Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya darasa analijua jambo hili, maana mkono anaouinua yeye ni wa upande mwingine machoni pa wanafunzi. Lakini mafunzo ya kawaida huishia hapo. Humfundisha mtu kusimama mahali pake mwenyewe, kisha mahali pa chombo. Mahali pa tatu husahauliwa, napo ni mahali pa yule aliye chini.

Yule aliye chini ni nani? Kwetu sisi si mtu wa kubuniwa. Magharibi ya mji wetu, kupita uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, kuna Gatumba, kando ya mto Rusizi na mpaka wa Kongo. Mwezi Aprili 2020 mto ulifurika ukawatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Na mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hata yakakaribia kile kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee wanakisimulia. Ng'ambo ya pili, vita vya Kivu vimekuwa vikiwaka. Mwezi Februari 2025 maelfu kwa maelfu ya Wakongo waliingia Burundi wakiikimbia vita hiyo, wengine wakiuvuka mto kwa hatari kubwa, na wengi wakalala katika uwanja wa michezo wa Rugombo. Katika vita hivyo droni hazikuwa vyombo vya kupigia picha tu. Zilitumika pia kushambulia. Basi mtoto aliyetoka huko, asikiapo mvumo wa mapangaboi juu ya turubai lake, hatajiuliza kama mrushaji ni mwanafunzi mwema anayefanya mazoezi. Atakimbia.

Kijana aliye mbali hatamwona akikimbia, au atamwona kama nukta katika kioo. Hapo pana hatari yenyewe. Wahenga walinena: mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Maumivu yale yalikuwa mwalimu. Anayetenda kwa mkono wake hurudishiwa habari ya tendo lake na mwili wake mwenyewe. Anayetenda kwa mbali harudishiwi kitu. Kwake yeye tendo zima ni jepesi, na wepesi huo ndio unaomdanganya kwamba hakutenda. Tena mtu aliye chini hana namna ya kuisoma nia. Mgeni langoni ana uso, ana sauti, ana salamu. Chombo hakina uso. Kiwe kimeleta dawa au kimeleta bomu, aghalabu mvumo wake ni mmoja.

Jibu letu basi ni hili: wajibu husafiri pamoja na chombo. Tena hukitangulia, kwa kuwa chombo hakiwezi kupiga hodi, mwenye chombo hana budi kuipiga kwa miguu yake kabla hajakirusha. Aende akawaone wakuu wa mtaa na wenye nyumba, aeleze ni nini kitapita, saa ngapi, kinatazama nini, na picha zitakuwa za nani. Akikatazwa, arudi. Hodi ndiyo inayokipa uso chombo kisicho na uso.

Twajua kuna watakaotupinga kwa hoja mbili, nazo ni hoja nzito. Wa kwanza watasema: sheria yatosha. Aliyepewa kibali na mamlaka ya usafiri wa anga amemaliza. Kweli, kibali ni lazima, na hasa katika mji wetu ambao uwanja wake wa ndege na mpaka wa nchi viko karibu hivyo. Lakini tuitazame sheria yenyewe. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 juu ya usafiri wa anga, katika kifungu chake cha 8, ulikataza chombo kiwezacho kuruka bila rubani kuruka hivyo juu ya nchi mwanachama pasipo ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Yaani mataifa yalikubaliana kupigiana hodi, miongo mingi kabla droni hazijauzwa madukani. Ikiwa dola, yenye majeshi na mipaka, yataka kupigiwa hodi, kwa nini anyimwe mama wa Gatumba ambaye ukuta wake ni turubai? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kibali cha serikali chafungua anga; hakifungui ua.

Wa pili watasema: chombo hiki kinaokoa watu, nanyi mnakifunga kwa adabu. Tangu Oktoba 2016 droni zenye mabawa zimepeleka damu katika hospitali za Rwanda kutoka kituo cha Muhanga. Mwaka huo huo Zanzibar ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani kwa ajili ya ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walishiriki katika kazi hiyo. Je, mto ukifurika usiku, tuzunguke kwanza kuomba ruhusa nyumba kwa nyumba? La. Nyumba ikiwaka moto, jirani huvunja mlango na hakuna amlaumuye. Lakini jirani mwema, akishamtoa mtoto, hutoka; habaki kupekua makabati. Hatari huiahirisha hodi, haiifuti. Aliyepiga picha za mafuriko anadaiwa kurudi kwa wale waliopigwa picha, awaonyeshe alichokiona, na picha zisizohitajika kwa uokozi azifute.

Walimu wenzetu, tusiwakataze vijana wetu chombo hiki. Atakayekatazwa atajifunza gizani, pasipo mtu wa kumwuliza swali. Lililo letu ni kudai kwamba, pamoja na yale mazoezi ya kukigeuza chombo pua, pawepo na zoezi moja zaidi: mwanafunzi akabidhi kidhibiti kwa mwenzake, aende akasimame chini ya chombo kinachoelea mbali kidogo na hapo, kwa kimo cha usalama, bila kuambiwa kitafanya nini. Asimame dakika tano akitazama juu. Kisha arudi darasani, tumpe karatasi, aandike kwa Kiswahili sanifu maana ya neno hodi.