Anayeuliza Ndiye Aliyeitazama

Anayekuambia "picha kali" amekufurahia wewe. Anayekuuliza ukuta ule una kimo gani ameitazama picha. Ukirudi Nyakakika, huko bara, na picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, magofu yaliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwonyeshe mtu ambaye hajawahi kufika pwani. Ataona mawe ya matumbawe na matao yaliyofuatana, kisha atauliza: mtu akisimama hapo, kichwa chake kinafika wapi? Mbona kivuli kimemeza mlango? Usikimbilie kumweleza, kwa sababu unachoongeza kwa mdomo ndicho picha ilichokosa. Sifa za marafiki ni tamu, zipokee, ila swali kama hilo ndilo litakalokufanya safari ijayo usubiri jua lishuke na umwombe mwenyeji asimame kando ya nguzo.