Ngazi ya Wageni

Hata kwenye picha tu, hoteli ya Midland Grand pale stesheni ya St Pancras, London, inakufanya uachame. Matofali mekundu, mnara wa saa, madirisha yaliyochongoka juu kama ya kanisa. Msanifu wake, George Gilbert Scott, alikuwa fundi wa makanisa hasa, na inaonekana: msafiri aliyetaka tu kitanda angojee treni ya asubuhi alilala ndani ya kitu kinachofanana na kanisa kuu. Ilifunguliwa mwaka 1873. Na ile ngazi yake kuu! Kama umewahi kutazama video ya "Wannabe" ya Spice Girls, basi umeshaiona.

Shida yangu iko kwenye bafu. Vyumba vilikuwa kama 300, lakini bafu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mgeni akitaka kuoga, mtumishi anamletea maji ya moto na beseni hadi chumbani, kisha anayarudisha machafu. Chombo cha haja pia, kuna mtu wa kukitoa. Kila chumba kilikuwa na meko yake, kwa hivyo ongeza makaa ya mawe ya kupeleka na majivu ya kuzoa. Hayo yote yalipitia ngazi za nyuma, nyembamba, zisizo na nakshi yoyote. Ngazi kuu ilikuwa ya wageni. Juu yake, kwenye dari, zimechorwa tabia njema, miongoni mwake Unyenyekevu, Subira na Bidii. Yaani waliozihitaji sana kila siku hawakupanda kwa njia hiyo.

Utaniambia, hizo ndizo zilikuwa nyakati zao. Sawa. Simwiti Scott mtu mbaya. Lakini mchoro ni uamuzi. Kuweka bafu chache ni kusema kwamba mikono ya watu itakuwepo daima, na itakuwa ya bei rahisi. Scott aliihesabu mikono hiyo pamoja na matofali. Tena sakafu zilikuwa za zege nene la kuzuia moto, kwa hivyo wazo hilo likagandia humo humo. Baadaye wageni walipotaka bafu ndani ya chumba, na kuwalipa watumishi wengi kukawa mzigo, kupitisha mabomba kwenye zege hilo kukawa kazi kweli kweli. Hoteli ikafungwa mwaka 1935 na jengo likageuzwa ofisi. Miaka ya 1960 lilikaribia kubomolewa, watu wakalipigania, na mwaka 2011 likafunguliwa tena kama hoteli.

Mimi pia ningelipigania. Urembo wake si uongo, na aliyeweka kila tofali pale alikuwa fundi anayejua kazi yake. Ninachokataa ni kusifu ngazi moja na kunyamazia nyingine, kana kwamba ya kwanza ingefaa kitu bila ya pili. Ukiiondoa ile ya nyuma, mgeni anabaki na dari nzuri, chumba baridi na chombo kilichojaa.

Tena mawazo ya aina hiyo yalisafiri. Waingereza walipojenga Nairobi, walichora nyumba kubwa mbele na chumba cha mtumishi nyuma. Leo tunakiita SQ. Nimewahi kukodisha kimoja: mlango wake ulikuwa upande wa mapipa ya taka, na ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Hicho angalau kilikuwa cha zamani. Siku hizi tunaona herufi DSQ kwenye matangazo ya fleti mpya za Kilimani, juu ya ghorofa ya kumi, kachumba kamebanwa nyuma ya jikoni, dirisha lake likitazama kamba za nguo. Kwenye ramani utakuta sebule ina nafasi ya meza ya watu wanane, na kule kwa dada, mlango ukifunguka unagonga kitanda.

Scott alikufa mwaka 1878, hatuwezi kumuuliza kitu. Aliyechora hizi fleti yuko hai, na namba yake ya simu iko kwenye bango pale getini.