Hatia ya Kondoo Anayezunguka

Mfugaji wa Maretadu, huku katika nyanda za Mbulu, akimwona kondoo aliyejitenga na kundi, kichwa kakiinamisha upande mmoja, akizunguka pale pale hata majani yakalala chini ya kwato, hujua kuwa ndicho kizunguzungu, ambacho Wamasai hukiita ormilo. Wapo wasemao ni kudura, na wapo wamtafutao hasidi. Lakini je, balaa ambalo sababu yake imo mikononi mwetu, twaweza kulinasibisha na Mwenyezi Mungu pasi na kumkosea adabu?

Sababu yenyewe ni tegu aishiye utumboni mwa mbwa, ambaye mayai yake hutoka na kinyesi malishoni, kondoo akayala pamoja na majani, nao wadudu wachanga wakasafiri kwa damu hadi ubongoni, wakafanya mfuko wa maji unaokua na kuubana. Kisha siku ya kuchinja, mwenye mji hulipasua fuvu lile na kumrushia mbwa. Katika silsila hiyo tegu hana nia, kondoo hana hila, na mbwa, tumpigaye mawe ilhali ndiye atulindiaye zizi na fisi, hakukalifishwa kwa lolote. Mwenye hiari ni mmoja tu, naye ndiye aliyerusha.

Wala tusijione bora kuliko mbwa, kwani katika tegu wa nguruwe, aliyechunguzwa sana katika wilaya hii ya Mbulu kwa kuwa huleta kifafa, mwanadamu ndiye ambebaye utumboni na, kwa kukosa choo, kuyatawanya mayai yake.

Mbwa, basi, ana haki juu yetu. Mtazame chini ya mkia: pingili nyeupe mfano wa punje za mchele ni dalili ya tegu, naye hutibiwa kwa prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wake, kila miezi 3 au mapema zaidi bwana mifugo akiagiza. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo lililotuna na kutapika ana minyoo ya mviringo, aliyoirithi tumboni mwa mamaye; dawa yake, ambayo ni nyingine, huanza angali na wiki 2, nayo huwakinga pia watoto wetu wachezao naye mchangani, maana minyoo hiyo yaweza kuwadhuru macho.

Lakini dawa ya asubuhi ni kazi bure ikiwa jioni mbwa atatupiwa ubongo mbichi. Nakusihi, ndugu mfugaji, kichwa cha kondoo huyo kichome moto, au ukifukie kwa kina ambacho mbwa hawezi kukifukua.