Blanketi la Mwenye Nyumba

Kila mwaka watu wengi huenda kwa miguu mpaka Namugongo katika Uganda, ili wawepo tarehe 3 Juni, siku ambayo mwaka 1886 Wakristo vijana, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Miongoni mwa waendao wamo watu wa Tanzania. Mtu wa Biharamulo akitaka kwenda, atapita Muleba na Bukoba na Kyaka, avuke mpaka pale Mutukula, kisha ashike njia ya Masaka. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 400, na siku zake za kulala njiani ni nyingi. Tena ni mwezi wa Mei, masika hayajakoma bado. Basi mtu huyu atauliza neno ambalo laonekana kuwa dogo: achukue nini cha kulalia?

Nasema laonekana kuwa dogo, maana wengi hudhani kwamba ni jambo la mgongo na mabega tu. Mimi naliona kuwa jambo la dhamiri. Nanyi wainjilisti mtaulizwa, kwa hiyo yafaa tulifikiri.

Wako wasemao: Asichukue kitu. Bwana aliwatuma wale Thenashara pasipo mkoba wala mkate wala kanzu ya pili, wala hawakupungukiwa. Jibu hili lina harufu ya imani, walakini wenye kulitoa hawakusoma mpaka mwisho. Katika Luka mlango wa 9 ndivyo alivyowaagiza. Katika mlango wa 22, usiku ule wa kukamatwa kwake, aliwakumbusha safari ile, kisha akawaagiza kinyume, kwamba mwenye mfuko na auchukue. Agizo lilifuata safari. Tena wale walitumwa. Walikwenda na Habari Njema, waliponya wagonjwa, na mtenda kazi astahili posho yake. Mwenda Namugongo hakutumwa na mtu. Amejituma mwenyewe kwa ajili ya roho yake. Asiyetumwa asijitwalie haki ya mtume.

Martin Luther aligusa neno hili mwaka 1520, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani. Alilalamika kwamba mtu atumia fedha nyingi kwa safari ya Roma, ambayo hakuna aliyemwamuru, na nyuma yake mkewe na watoto na jirani wamo katika uhitaji. Hakusema kwamba safari ni mbaya yenyewe. Aliuliza ni nani alipaye. Nami nauliza lilo hilo, ila si kwa ajili ya nyumba aliyoiacha msafiri, bali kwa ajili ya nyumba atakayolala.

Hebu tuiangalie nyumba hiyo. Ni jioni, mvua imenyesha, mgeni amebisha hodi. Mwenye nyumba ana mablanketi mawili na watoto sita. Desturi yetu twaijua sote: mgeni hupewa lililo jema. Mama ataingia ndani, atatoka na blanketi lililo jipya, atalitandika kwa mikono miwili na uso wa furaha. Mgeni atalala, naye asubuhi atamshukuru Mungu aliyemtunza njiani pasipo mzigo. Hakuna atakayemwambia kwamba watoto wamelala wanne chini ya kanga moja, na mdogo amekohoa mpaka alfajiri. Ndipo naona kwamba imani ya mtu huyu imelipiwa na mtoto ambaye hakuulizwa. Torati yaamuru, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 24, kwamba hata mdai aliyetwaa vazi la maskini kuwa rehani alirudishe jua lichwapo, apate kulala nalo. Ikiwa mwenye deni la haki hana ruhusa ya kulala na kifuniko cha maskini, je, yeye asiyedai kitu?

Liko na kosa la upande wa pili, nalo ni la kuchukua vingi, au zaidi, la kuchukuliwa vingi. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipita Usui, ndiyo nchi yetu hii, wakienda Karagwe. Katika misafara ya siku zile mpagazi alijitwika ratli 60 au 70 za bwana wake, na juu yake mkeka wake mwenyewe na chungu. Mwenye msafara alilala vema kwa sababu ya shingo ya mtu mwingine. Tusidhani kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na misafara. Katika makundi mengine waendao kusali, wanaume washika fimbo na kitabu cha nyimbo, na wanawake wana mkeka, sufuria, na mtoto mgongoni. Huyo mwenye fimbo akisifu wepesi wa safari, msimsadiki.

Basi achukue, tena achukue vyepesi, na auchukue mwenyewe. Hapa sina budi kusema kidogo juu ya vitu vyenyewe. Blanketi halifanyi moto. Joto ni la mwili. Blanketi lazuia tu hewa iliyokwisha kupata joto isiondoke. Kwa hiyo sehemu iliyolaliwa ikabanwa haina hewa ndani yake, na ardhi hunyonya joto la mgongo usiku kucha. Wengi huongeza blanketi la pili juu, nao watetemeka vilevile, kwa kuwa baridi yatoka chini. Mkeka mmoja, na chini yake majani makavu ya migomba, wafaa kuliko blanketi la pili, wala majani hayachukuliwi njiani. (Ila aombe kwanza, katika nchi ya migomba hata majani yana mwenyewe.) Sufu ikilowa hubakiza joto kidogo, pamba ikilowa haifai, tena huwa nzito. Iko mifuko ya kulalia iliyojazwa manyoya laini ya bata, miepesi sana, mingine haifiki kilo moja. Lakini manyoya yakilowa hushikamana na joto lapotea, na bei yake ni ya mbuzi kadhaa. Blanketi moja jepesi na kipande cha nailoni cha kuzuia mvua vyatosha. Chandarua asikiache, uzito wake wapata nusu kilo tu, na malaria haimwulizi mtu aendako. Wala asilale juu ya udongo mkavu wa kibanda cha kale. Mwaka 1905 Robert Koch alichunguza njia za misafara za nchi hii, akawakuta papasi katika udongo wa vibanda vya wasafiri, nao ndio waletao homa ya papasi. Heri ukumbi wa shule wenye saruji.

Neno jingine. Sisi wa Ngara tumewaona watu waliochukua matandiko pasipo kuchagua. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakakaa Benako. Walikuja na mikeka na magodoro vichwani. Kati yao walikuwamo wenye damu mikononi, twajua. Mvua iliwanyea wote. Mtu mwenye kitanda nyumbani kwake, achaguaye kwenda mwepesi kwa siku ishirini, asijiite maskini mbele ya watu wa wilaya hii.

Mtaniuliza: Je, mgeni akikunjua mkeka wake, hamvunjii mwenyeji heshima? Aweza kumvunjia, ndiyo, na kukataa kila kitu ni kiburi kilichovaa unyenyekevu. Apokee mahali, na moto, na uji, na maji ya kunawa miguu. Apokee kwa furaha, ale ashibe. Lakini wakati wa chakula na awahesabu watoto. Blanketi likiletwa, aseme kwamba analo lake, alitandaze upesi kabla mama hajainuka. Wawili wakilala pamoja hupata joto, alisema Mhubiri, nao wasafiri wawili waweza kwenda na mablanketi mawili na mkeka mmoja.

Yuko na yule asiye na blanketi lolote, hata nyumbani, naye moyo wake wataka kwenda. Kwake shauri langu ni hili: usharika ununue mablanketi mawili au matatu, yakae pamoja na vyombo vya kanisa, aendaye aazime, akirudi alifue alirudishe. Na ikiwa mama mzee atarudi mikono mitupu, akasema alimwachia mtoto fulani upande wa Kyaka, wazee wa kanisa wasiliandike katika kitabu cha madeni.